Besi Imo Mkono wa Kushoto

Watu wakianza kubishana ni nani mpiga piano bora, wengi huwa wanausifu mkono wa kulia bila kujijua. Wanasifu kasi, mapambo, ule wimbo wa juu unaobaki kichwani ukitoka ukumbini. Mimi wapiga piano ninaowapenda, wawe wa jazi, wa muziki wa klasiki au wa roki, nimewachagua kwa mkono wa kushoto. Huo ndio unaoamua wimbo utasimama juu ya nini, utatembeaje, na mkono wa kulia utaachiwa nafasi kiasi gani. Aliyewahi kuimba kwaya ananielewa: sauti ya nne ikiyumba, sauti ya kwanza hata iwe tamu vipi haina pa kukanyaga.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Keith Jarrett, mpiga piano wa jazi. Tarehe 24 Januari 1975 alipanda jukwaani katika jumba la opera la Cologne, Ujerumani ya Magharibi, saa tano na nusu usiku, baada ya onyesho la opera kumalizika. Watu zaidi ya 1,400 walikuwa wamekaa wanamsubiri. Mwandaaji, Vera Brandes, alikuwa binti wa miaka 18. Jarrett alikuwa ameomba Bösendorfer Imperial, piano ndefu ya sentimita 290 yenye vitufe 97 badala ya 88 vya kawaida; vile tisa vya ziada vyote viko upande wa besi. Akakuta Bösendorfer ndogo ya mazoezi: sauti za juu nyembamba na kali, besi dhaifu, pedali hazifanyi kazi sawasawa. Mgongo nao ulikuwa unamuuma. Nusura asipige kabisa.

Sasa sikiliza alichofanya. Sehemu ya kwanza ya rekodi ina dakika 26. Karibu dakika 12 kati ya hizo zinazunguka juu ya chodi mbili tu, A minor na G major. Dakika sita za mwisho zinatulia kwenye A major. Sehemu ya pili inafunguka kwa dakika kama nane za D major, mkono wa kushoto ukirudia kifungu kilekile cha besi bila kuchoka. Kwa mtu aliyezoea jazi ya chodi zinazobadilika kila sekunde mbili, huu ni umaskini wa makusudi.

Sababu yake imo ndani ya piano yenyewe. Nyuzi za besi za piano ndogo ni fupi, kwa hiyo ule mlio wa chini kabisa haujengeki vizuri, na noti moja ndefu hufifia kabla haijaujaza ukumbi mkubwa. Pedali ikiwa mbovu, mpigaji hawezi pia kuegemea mlio unaoendelea baada ya kidole kuinuka. Jarrett hakuitaka noti moja ya besi ibebe mzigo ambao haikuuweza. Aliugawa mzigo huo kwa noti nyingi fupi, zinazopigwa kwa nguvu na kujirudia, nyingi zikiwa eneo la katikati ambako piano ilikuwa bado na uhai. Sikio likishakizoea kifungu, linaijazia besi lenyewe hata pale inapolia kwa shida. Na pale anapotaka mapigo zaidi, anakanyaga sakafu. Mguu wake unasikika wazi kwenye rekodi, pamoja na sauti yake mwenyewe akigumia. Sioni kama ni kelele. Mguu ule ulikuwa unafanya sehemu ya kazi ya besi.

Si kwamba mbinu hiyo ilizaliwa usiku ule. Imo tayari kwenye rekodi zake za Bremen na Lausanne za mwaka 1973. Ila Cologne ilimnyima njia nyingine, na alichokuwa akikitumia kama kituo cha kupumzikia kikawa ndiyo nyumba nzima. Naamini hiyo ndiyo sababu rekodi hii, iliyotolewa na kampuni ya ECM mwaka huohuo, imewafikia mamilioni ya watu ambao hawana albamu nyingine ya jazi nyumbani. Mkono wa kushoto unakushika mkono, hupotei.

Ndiyo maana habari iliyofuata baadaye iliniuma sana. Mwaka 2018 Jarrett alipata kiharusi mara mbili, na mwaka 2020 akaeleza hadharani kwamba upande wake wa kushoto umepooza kwa kiasi na hatarajii kurudi jukwaani. Historia ina kisa cha kinyume chake. Mpiga piano Paul Wittgenstein wa Vienna alipoteza mkono wa kulia katika Vita ya Kwanza ya Dunia, lakini akaendelea kupiga mbele ya watu kwa miaka mingi. Maurice Ravel alimtungia konseto ya mkono wa kushoto pekee, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mnamo Januari 1932. Tofauti ya visa hivi viwili kwa sehemu imo katika maumbile ya kiganja. Kwenye mkono wa kushoto, kidole gumba, chenye nguvu kuliko vyote, kiko upande wa sauti za juu: kinabeba wimbo, vidole vinne vilivyobaki vinashughulikia besi, na pedali inaushikilia mlio wa chini wakati mkono unaruka kwenda juu. Mkono wa kulia ukiwa peke yake, wimbo unaangukia kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote, na besi iko mbali.

Bill Evans, naye wa jazi, alikuwa na jibu jingine kabisa kwa swali la besi: mkono wake wa kushoto uliiacha besi. Hili linaeleweka haraka zaidi kwa solfa. Chukua mwendo unaosikika katika nyimbo nyingi mno za jazi: chodi ya re, kisha ya so, kisha ya do. Mpiga kinanda wa kanisani ataanza na re chini, juu yake fa, la, do. Kwa mtindo wa Evans, re inaachwa, na kushoto kunapiga fa-la-do-mi. Inapofika chodi ya so, so yenyewe haipigwi: ni fa-la-ti-mi. Tazama vidole. Kutoka chodi ya kwanza kwenda ya pili kimesogea kidole kimoja tu, kutoka do kwenda ti. Kisha chodi ya do bila do: mi-so-ti-re. Ti imebaki palepale, na noti nyingine tatu zimeshuka hatua moja moja. Mkono haujaruka popote, umekaa katikati ya piano, na sauti imejaa.

Evans hakuwa wa kwanza kuacha noti ya msingi, lakini sijui mwingine aliyeielewa zawadi iliyomo ndani ya kuacha huko kama yeye. Noti usiyoipiga unamwachia mwenzako. Kwenye rekodi za Village Vanguard, New York, za tarehe 25 Juni 1961, mwenzake ni Scott LaFaro kwenye besi kubwa ya kusimama, kijana wa miaka 25. Kwa kuwa kushoto kwa Evans hakumkalii eneo lake, LaFaro halazimiki kutembea moja, mbili, tatu, nne kama mlinzi. Anaimba, anajibu, anamkatiza Evans na Evans anampisha. Siku 11 baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari, na Evans alikaa miezi bila kupiga hadharani.

Kwa upande wa klasiki nitamtaja Glenn Gould, na nitasema machache kwa sababu kuhusu kofia na makoti yake yameandikwa mengi kuliko kuhusu vidole vyake. Variesheni za Goldberg za Bach, zilizochapishwa mwaka 1741, hazijengwi juu ya wimbo wa mkono wa kulia. Zinajengwa juu ya mwendo wa besi wa vipimo 32, na variesheni zote 30 zinapita juu ya msingi huohuo. Mpigaji ambaye kushoto kwake ni mtumishi hawezi kukuonyesha jengo hilo. Gould alifanya zoezi alilojifunza kwa mwalimu wake, Alberto Guerrero: mkono mmoja unalala juu ya vitufe bila kufanya chochote, na mkono mwingine unagonga ncha za vidole vyake kimoja kimoja hadi kitufe kizame, kisha kidole kinarudi chenyewe. Anayegongwa hajifunzi kutumia nguvu, anajifunza kutotumia nguvu isiyohitajika. Unalisikia zoezi hilo kwenye rekodi ya 1955, hasa pale mistari miwili inapopishana kwa kasi: kila noti ya kushoto ina mwanzo na mwisho wake, kavu, safi, haimezwi. Rekodi hiyo ina dakika kama 38. Alipoirudia mwaka 1981 ilifika dakika 51, na mimi naipenda hiyo ya pili zaidi, kwa sababu hapo besi imepewa muda wa kusema.

Roki ina gitaa la besi, kwa hiyo kushoto kwa mpiga piano mara nyingi hukosa kazi. Lakini bendi ya The Doors haikuwa na mpiga besi jukwaani. Ray Manzarek, mtoto wa Chicago aliyekulia kwenye bugi-wugi, aliweka Fender Rhodes Piano Bass, kinanda kifupi cha vitufe 32 vya sauti za chini tu, juu ya ogani yake ya Vox. Kushoto besi, kulia ogani. Sikiliza toleo refu la Light My Fire la mwaka 1967: wakati wa solo ndefu, kila kitu kinazunguka juu ya A minor na B minor. Chodi mbili, kifungu kimoja, miaka minane kabla ya Cologne. Studioni waliongeza mpiga besi wa kukodi, lakini kifungu chenyewe kina alama ya mtu ambaye nusu ya akili yake iko kulia: kifupi, cha duara, kinachoweza kupigwa bila kufikiriwa.

Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na kujifunza piano katika shule ya bweni huko Panchgani, India, alikuwa na John Deacon wa kumshikia besi katika bendi yake. Kushoto kwake kukawa huru. Katika Bohemian Rhapsody, pale kwaya ya mwanzo inapokwisha na piano kuanza kutembea kwenye B-flat, mkono wa kushoto unaondoka chini, unapita juu ya wa kulia, unagusa noti za juu na kurudi. Ukitazama picha za jukwaani unaiona mikono ikipishana waziwazi. Besi kwa dakika hizo ni kazi ya Deacon. B-flat na E-flat ni funguo zinazokaa vizuri chini ya vidole vya mpiga piano, na zinampa taabu mpiga gitaa ambaye nyuzi zake zimefungwa kwa E na A. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alilazimika kuzifuata huko, na gitaa lake halilii kama magitaa ya bendi nyingine za wakati ule.