Mifupa ya Kuku na Ukale wa Desturi

Hapa Kiloleli mganga humpasua ngoko, yaani kuku, atazame dalili ndani yake, na wazee husema ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Waalimu wengi wameliandika neno hilo kama walivyolisikia.

Mwaka 2001 Felix Chami aliandika kwamba mifupa ya kuku imeonekana katika pango la Machaga, Unguja, katika udongo wa zamani za zana za mawe. Habari ilipendeza, maana asili ya kuku ni Asia. Basi vyombo vingekuwa vimevuka bahari mapema mno. Lakini mwaka 2017 Mary Prendergast na wenzake walitoa hesabu ya mifupa ya mahali pengi pwani na visiwani, mingine imepimwa kwa kemia, wasione kuku wa kabla ya karne ya 7 B.K. Shida yenyewe yajulikana jikoni: mfupa wa kanga na wa kuku ukivunjika, nani atautambua kwa macho?

Twakubali hoja ya hao wa pili, ila kwa pwani tu. Mwenye kuitumia kuhesabu miaka ya kuku wa Usukuma avuka mpaka wa ushahidi wake. Tena mifupa ya ndege ni myepesi, huliwa na mbwa, na chekeche la matundu mapana huipitisha.

Wazee hawakudanganya. “Tangu mwanzo” kinywani mwao ni tangu babu zao. Ni sisi tulioifanya tarehe. Mwalimu apendaye kusaidia na aweke mifupa ya kanga na ya kuku mbalimbali, kila mmoja na jina lake.