Lugha Yoyote, Mizani Moja

Tuzo ya Kimataifa ya Neustadt, itolewayo na Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, tangu mwaka 1970, husifiwa kwa kuwa mwandishi wa lugha yoyote aweza kuipata. Ni kweli. Ila majaji hujadiliana kwa Kiingereza, hivyo sehemu ya kutosha ya kazi zake sharti ipatikane kwa Kiingereza. Tena awe hai.

Sasa wahakiki wenzangu, tumpime Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka 1971. Mkusanyo wa mashairi yake kwa Kiingereza ulitoka 2015. Yeye akafariki 2020. Tafsiri ya Rosa Mistika ikaja 2025! Je, majaji wale wangeuona wapi ukubwa wa mwanariwaya huyu angali hai? Nuruddin Farah, jirani yetu wa Somalia, aliipata 1998. Alistahili, sibishi, lakini yeye huandika kwa Kiingereza.

Pale Kariakoo mnunuzi mjanja hatazami mchele tu, anatazama na mizani. Nasi tufanye hivyo.

Wapo wasemao dawa ni tafsiri. Nakubali, lakini nusu tu. Tafsiri humfikisha mwandishi kwa jaji; haimfundishi jaji kusoma Kiswahili. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014, ilionyesha njia nyingine: miswada ya Kiswahili ishindanishwe kwa Kiswahili chenyewe.

Kazi iliyobaki ni yetu. Tusipowahakiki kwa kina waandishi wetu wangali hai, tusiilaumu Oklahoma kwa kutowajua.