Pakanga katika chakula cha kuku: asilimia 5 ya nini?

Mfugaji ambaye vifaranga wake wanaharisha damu atapata ushauri huu bila kuutafuta sana: kausha majani ya pakanga, yatwange, changanya asilimia 5 kwenye chakula. Ushauri huu haukuzuka hewani. Mwaka 1997, Patricia Allen na wenzake wa Beltsville, Marekani, walichapisha jaribio lililotumia kiwango hicho hicho. Walikausha majani ya Artemisia annua, ndiyo pakanga inayotoa dawa ya malaria, wakawalisha vifaranga kwa wiki 3. Majani yalisaidia. Lakini ukisoma jaribio lenyewe kwa makini, unaona kwamba asilimia ile 5 pekee si mwongozo wa kumtosha mfugaji wa Arusha wala wa Nakuru.

Tuanze na ugonjwa. Kuhara damu huletwa na vimelea vya jamii ya Eimeria, na aina kadhaa humshambulia kuku. Kila aina ina mahali pake: Eimeria acervulina hukaa utumbo mwembamba wa juu, E. maxima hukaa katikati, na E. tenella huingia kwenye ile mifuko miwili iliyo mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoacha damu kwenye maranda.

Watafiti hupima madhara kwa kumwambukiza kifaranga makusudi, kisha baada ya siku chache wanamchinja na kumpasua utumbo. Kwa utaratibu wa Johnson na Reid wa mwaka 1970, utumbo usio na kidonda hupewa alama 0. Vidoa vichache vyekundu vilivyotawanyika ukutani ni 1. Mifuko ikiwa imevimba, imejaa damu au mabonge magumu kama jibini, ni 4. Kwa kipimo hicho, majani ya Beltsville yalipunguza vidonda vya E. tenella. Vile vya E. acervulina na E. maxima hayakuvigusa kwa kiasi cha kuonekana.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza kati ya jaribio lile na banda la mfugaji. Mfugaji ambaye kuku wake wanadhoofu, kinyesi ni chepesi lakini hakina damu, huenda ana aina ya vimelea ambayo majani hayo hayakuizuia. Kuwaongezea pakanga si jibu kwake mpaka mtaalamu wa mifugo ampasulie kuku mmoja aliyekufa na kuangalia kidonda kiko sehemu gani.

Tofauti ya pili ni ya hesabu, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Chakula cha Beltsville chenye asilimia 5 ya majani kilikuwa na miligramu 17 za artemisinini, ile dawa ya malaria iliyo ndani ya jani, kwa kila kilo. Gramu 50 za majani zikitoa miligramu 17, basi gramu moja ina miligramu 0.34, yaani asilimia 0.034. Ni jani hafifu sana. Pakanga iliyolimwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya viwanda vya dawa za malaria ilichaguliwa kwa sababu nyingine kabisa: aina zilizoboreshwa hufikia asilimia 1 na kupita. Ukichukua jani la asilimia 1 ukalichanganya kwa asilimia 5, kila kilo ya chakula itakuwa na miligramu 500. Hiyo ni karibu mara 30 ya kile kilichojaribiwa. Kinyume chake, ili kupata miligramu 17 zile zile, mfuko wa kilo 50 ungehitaji gramu 85 tu za jani hilo, wala si kilo 2 na nusu.

Mtu anaweza kusema basi tutumie gramu 85, kazi imekwisha. Haijaisha. Jani lina kafuri, sineoli na kemikali nyingine nyingi, na Allen na wenzake walizijaribu baadhi yake peke yake; huenda artemisinini haifanyi kazi yote. Ukipunguza jani, unapunguza na hizo. Ukiongeza jani, chakula kinazidi uchungu, kifaranga anakula kidogo, na kila kilo ya majani inachukua nafasi ya mahindi na soya. Ndiyo maana nasema kwa uhakika: yeyote anayeuza unga wa pakanga kwa wafugaji bila kupima nguvu ya kila shehena hajawapa kipimo.

Tena kuna joto. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa kuitoa artemisinini baada ya kuacha kuchemsha majani na kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Kanuni hiyo inafaa hata bandani: anayechemsha majani, au anayeyapitisha kwenye mashine ya moto ya kutengeneza chakula cha punje, anahatarisha kile kile anachokitafuta. Unga mkavu uchanganywe mwishoni, chakula kikiwa kimepoa.

Mwaka 2010 timu ya Emilio del Cacho wa Zaragoza, Hispania, ilionyesha mahali artemisinini inapouma. Inavuruga utengenezaji wa ganda la yai la kimelea. Mayai mengine hufa kabla ya kukomaa, na yanayotoka hupungukiwa uwezo wa kukomaa na kuambukiza. Yai la Eimeria linahitaji unyevu, hewa na joto la wastani ili liweze kuambukiza, kwa hiyo jani na maranda makavu vinafanya kazi moja kutoka pande mbili. Chombo cha maji kinachovuja kinaweza kuyarudisha nyuma mafanikio ya mfuko mzima wa pakanga.

Ila jani likiwa ndani ya chakula linamkinga anayekula tu. Kifaranga ambaye tayari anaharisha damu hujikunyata, hushusha mabawa na kuacha kula, ingawa mara nyingi bado anakunywa. Huyo anahitaji dawa ya amproliamu kwenye maji siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha mtaalamu wa mifugo.