Glenn Gould Hakuacha Kazi

Tarehe 10 Aprili 1964, Glenn Gould alipiga piano mbele ya watu jijini Los Angeles. Alikuwa na miaka 31. Hakutangaza chochote wala hakuaga. Alimaliza, akaenda zake, na hakufanya tamasha tena hadi alipokufa mwaka wa 1982.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, pia bila kuaga. Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilimpenda huyu jamaa. Wenzangu wakijitetea kwa Bill Gates, mimi nilikuwa na mpiga piano wa Kanada. Kwa miaka miwili nilimtaja kila mtu aliponiuliza, "Sasa ulitoka chuo kufanya nini?"

Shida ni kwamba nilikuwa namtaja kuliko nilivyokuwa namsikiliza.

Gould alizaliwa Toronto mwaka wa 1932, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mamake. Juni 1955, akiwa na miaka 22, aliingia studio ya kampuni ya Columbia kule New York kurekodi *Goldberg Variations* za Bach: wimbo mmoja mfupi, halafu vipande 30 vinavyojengwa juu ya besi ya wimbo huo, kisha wimbo wenyewe unarudi. Albamu ilipotoka mwaka uliofuata, jina lake likasambaa. Mwaka wa 1957 alikuwa Moscow, akipigia Warusi.

Watu walipenda pia vituko vyake. Kiti kifupi alichotengenezewa na babake, ambacho alisafiri nacho kila mahali. Koti zito na glavu hata wakati wa joto. Na kule kuguna kwake akipiga, ambako unakusikia kwenye rekodi mpaka leo. Wanaoandika juu yake hupenda kukaa hapo kwenye kiti. Mimi naona kiti hakituambii mengi. Kinachotuambia jambo ni kule alikoenda baada ya 1964.

Alienda studio. Kwa tamasha una nafasi moja tu. Kidole kikiteleza, kimeteleza mbele ya watu elfu mbili. Studioni unaweza kurudia. Mwaka wa 1966 Gould alieleza kwa maandishi jinsi alivyorekodi kipande kimoja cha Bach mara kadhaa. Toleo la sita lilikuwa zuri lakini limenuna. La nane lilikuwa zuri lakini limechangamka kupita kiasi. Akakata utepe, akaunganisha yote mawili, akapata kitu ambacho hakukipiga kwa mkupuo hata siku moja. Wako waliosema huo ni udanganyifu. Kwangu mimi hiyo ni kuhariri, kazi ambayo kila mwandishi anaijua, na hakuna anayemwita mwandishi mwongo kwa sababu ya rasimu ya nane.

Katika makala hayohayo alitabiri kwamba baada ya miaka mia moja matamasha hayatakuwepo tena. Sioni dalili. Watu bado wanalipa kiingilio ili wasimame pamoja gizani, na hilo ni hitaji ambalo Gould hakulielewa vizuri. Pia tusijidanganye: aliondoka jukwaani akiwa na jina, mkataba wa kurekodi na studio ya kumpokea. Mimi niliondoka na begi na laptopu iliyopasuka kioo. Kumfanya kinga yangu kulikuwa utani mbaya.

Lakini kuna rekodi ya pili. Mwaka wa 1981 Gould alirudi studio ileile ya New York, akapiga upya *Goldberg Variations*. Ya 1955 ni dakika 38 hivi. Hii ni 51. Sehemu ya tofauti hiyo ni marudio aliyoyaruka akiwa kijana, ila sikiliza tu wimbo wa mwanzo. Zamani uliisha kabla ya dakika mbili. Sasa unapita tatu, na kila noti inawekwa chini polepole kama mtu anayepanga vyombo usiku bila kutaka kuamsha nyumba. Kijana wa 1955 anakimbia kwa sababu anaweza. Huyu wa 1981 anajua kila kona ya kazi hiyo, kwa sababu miaka 26 hajaacha kuifikiria. Alikufa Oktoba 4, 1982, siku chache baada ya kutimiza miaka 50.

Nilizisikiliza zote mbili mfululizo, usiku mmoja stima ikiwa imepotea, simu ikiwa na asilimia 20. Nilipomaliza sikuweza tena kusema mimi na Gould tunafanana. Yeye aliacha umati ili kazi iendelee. Mimi niliacha chuo, kisha nikaacha na kazi, nikabaki na hadithi ya kuacha.

Asubuhi nilimpigia mamangu, ambaye alishanunua kitenge cha mahafali yangu. Nikamwambia ukweli. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na hiki kitambaa?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia naandika kitu. Akasema nikimaliza nimsomee.

Ukiwa na bando, anza na ya 1955. Usiruke moja kwa moja hadi ya 1981. Bila ile ya kwanza, hutasikia ni nini alichorekebisha.