Ufundi wa Kulinganisha

Betri ya volti 18 ya Makita imefungwa kwa skrubu nne zenye tundu la nyota, na moja kati ya hizo imefichwa chini ya kizibo kidogo cha plastiki. Fundi wa betri hukitoa kizibo kwa ncha ya kisu, akafungua skrubu zote, akanyanyua kifuniko. Ndani, seli kumi za chuma zimelala kwenye kitanda cha plastiki, zimeshikanishwa mbilimbili kwa tepe za nikeli, na juu yake pana bodi iliyopakwa utomvu wa kuzuia vumbi na unyevu. Fundi anachukua mita, anagusisha ncha zake kwenye kundi la kwanza: volti 3.9. La pili, 3.9. La tatu, 3.9. La nne, 3.9. La tano, 2.1. Hapo ameshajua kwa nini msumeno ulizima katikati ya ubao wa mninga, na kwa nini chaja imekuwa ikiwasha taa nyekundu na ya kijani kwa kupokezana.

Ugonjwa huo hauna kampuni. Iwe ya DeWalt, ya Milwaukee au ya Bosch, betri ya zana mara nyingi hufa kwa namna hiyohiyo: kundi moja linatangulia kuchoka, mengine yakiwa bado mazima. Makundi matano yaliyopangwa mfululizo hufanya kazi kama watu watano waliobeba boriti moja begani. Mmoja akilegea magoti, wote husimama, hata kama wanne waliobaki wana nguvu za kufika mbali.

Kulifahamu hilo, na kujua la kufanya baada ya kulifahamu, ni ufundi kamili. Mjini, mwenye simu anamjua fundi simu wake na mwenye gari anamjua fundi umeme wake, lakini anayefufua betri za drili, grenda na misumeno ya chaji hajapewa heshima anayostahili. Na ndiye anayeweza kumsaidia mnunuzi kuliko tangazo lolote, kwa sababu yeye huzilinganisha kampuni kutokea ndani.

Jambo la kwanza analoliona ni kwamba hesabu ni ileile kila mahali. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida. Ikijaa hufika takriban 4.2. Tano zikipangwa mfululizo hutoa volti 18 za kawaida, na zikitoka tu kwenye chaja huzidi 20. Kwa hiyo betri ya DeWalt inayouzwa Marekani kwa jina la volti 20 na ile inayouzwa Ulaya kwa jina la volti 18 zina nguvu sawa. Ndivyo ilivyo pia kwa zana za INGCO na Total, ambazo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki zikiwa na maandishi ya 20V. Lakini drili za bei ya chini zilizoandikwa 48V au 88V kwa herufi kubwa, zikifunguliwa, mara nyingi hukutwa na seli tano zilezile. Tarakimu ni pambo la kibandiko.

Ukubwa wa tangi, yaani kiasi cha chaji kinachobebwa, nao una mpaka wake. Seli ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hata iwe bora namna gani inaishia kwenye ampea-saa 3.5 hivi. Betri ya seli kumi za aina hiyo, katika makundi matano ya mbilimbili, haiwezi kupita 7. Anayeuza betri ya umbo hilo kwa jina la ampea-saa 12 anauza maneno. Mizani ya kupimia sukari humaliza ubishi: seli moja ya 18650 ina gramu 45 hadi 48, hivyo kumi peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya kuongeza ganda na bodi. Betri inayojigamba kwa ukubwa na kuwa nyepesi mkononi imeshajieleza yenyewe.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Black & Decker ya Marekani ilitoa drili isiyo na waya mwaka 1961, ikiendeshwa na seli za nikeli na kadimiamu; miaka kumi baadaye wanaanga wa Apollo 15 walitoboa udongo wa mwezi kwa drili ya betri ambayo kampuni hiyo ilishiriki kuiunda. Makita ya Japani ilitoa drili yake ya kuchaji mwaka 1969. Seli ya nikeli ilitoa volti 1.2 tu, kwa hiyo volti 18 zilidai seli 15 nzito. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991 zilikuwa za vifaa vidogo. Bosch ilizitia kwenye bisibisi ya IXO mwaka 2003, na mwaka 2005 Milwaukee na Makita wakazifikisha kwenye zana za kazi nzito. Seli 15 zikawa 5. Mazoea ya enzi ya nikeli hayajaisha, hata hivyo: wapo maseremala wanaoimaliza betri hadi tone la mwisho kabla ya kuichaji, wakiamini wanaitunza, ilhali lithiamu huumia kwa kukaushwa na hustawi ikichajiwa mapema.

Tofauti za kampuni huonekana kwenye jambo moja hasa: nani amepewa kazi ya ulinzi.

Makita wamemweka mlinzi ndani ya betri. Bodi yao hupima, na huweka kumbukumbu: chaja ikishindwa kuijaza mara kadhaa, bodi hujifunga, na hata ukiweka seli mpya haikubali tena bila kufunguliwa kwa utaalamu. Wengi hulilalamikia hilo, lakini kinachozuiwa hapo ni moto. Chaja yao ya kasi ina feni inayopuliza hewa kupitia matundu ya betri, na betri ya ampea-saa 3 hujaa kwa dakika 22. DeWalt wamechagua njia nyingine. Kwenye betri zao za volti 18 kila kundi la seli limetolewa mguu wake hadi nje, na mashine pamoja na chaja ndizo zinazosoma volti na kuamua lini kukata. Hapo ndipo adapta za kuvalisha betri ya kampuni moja kwenye mashine ya nyingine huua betri kimyakimya: zikishapita ile miguu ya kupimia bila kuiunganisha, hakuna anayesema basi, na mashine hunyonya hadi seli zinazimia.

Ubunifu wa DeWalt wa mwaka 2016, FlexVolt, ni wa kupendeza kwa yeyote anayependa umeme. Betri ina seli 15. Ikivalishwa kwenye mashine ya volti 18, hujipanga safu tatu za seli tano zinazosaidiana. Ikivalishwa kwenye mashine kubwa, zote 15 hujipanga mstari mmoja na kutoa volti 54. Swichi iliyomo kwenye betri ndiyo inayobadilisha mpangilio, na mtumiaji hagusi chochote.

Ryobi nao wana sifa ya aina tofauti. Mfumo wao wa ONE+ ulianza mwaka 1996, enzi za nikeli, na umbo la kuchomekea halijabadilishwa. Drili ya wakati ule inapokea betri ya lithiamu ya leo. Metabo ya Ujerumani ilianzisha mwaka 2018 muungano wa CAS ambamo kampuni kadhaa hutumia betri moja, na INGCO na Total nazo hushirikiana chini ya maandishi ya P20S. Kwa fundi mwenye kipato kidogo hili lina uzito kuliko kasi ya mota. Mota hununuliwa mara moja, lakini betri humfunga kwa miaka yote ya kazi, kwa hiyo aangalie kwanza reli ya betri, yaani umbo lake la kuchomekea, na uaminifu wa mwenye reli.

Kilichobaki, na ndicho kinachoamua bei, ni seli zenyewe. Seli ya zana huundwa itoe ampea 20 au zaidi bila kuungua. Seli ya kompyuta mpakato inaweza kuwa na tangi kubwa kuliko ya zana, lakini mdomo wake ni mwembamba. Ikitiwa kwenye grenda hupata joto, volti huporomoka, na baada ya miezi michache imekwisha. Samsung, LG, Murata na Molicel hutengeneza seli za aina ya kwanza. Feki nyingi hubeba za aina ya pili, tena zilizokwisha kutumika.

Fundi anayeiheshimu kazi yake hujulikana hapa. Haweki seli mbili mpya kati ya nane kuukuu, kwa sababu zitavutana na kuharibiana. Huichaji kila seli peke yake na kuimaliza kwa mzigo unaojulikana, akaandika ubavuni kwa kalamu ya wino ilichotoa. Hupima ukinzani wa ndani kwa miliomu. Kisha huziacha zipumzike, siku nyingi ikibidi, na kuzipima tena; seli inayovuja chaji ikiwa imelala hutengwa hata kama vipimo vingine vilikuwa vizuri. Zinazobaki hupangwa jozi kwa jozi, hadi makundi matano yawe na tofauti ndogo sana. Kuziunganisha hatumii lehemu, maana joto la lehemu likikaa juu ya seli huharibu vizuizi vyake vya ndani. Hutumia mashine ya kuchomelea nukta, inayopigilia utepe wa nikeli kwa mshindo wa umeme wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Utepe uliopigwa vizuri ukivutwa kwa koleo huchanika wenyewe, na nukta hubaki kwenye seli.

Kisha pana kukataa. Seli iliyoshuka chini mno kwa muda mrefu huyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na ikichajiwa tena shaba hiyo inaweza kujenga daraja na kupiga shoti bila onyo. Mteja husisitiza kwamba ishtuliwe tu, imalize kazi ya wiki hii. Fundi mzuri hukataa pesa hiyo, kwa sababu anajua betri italala ikichajiwa ndani ya nyumba yenye watu.

Kazi hii inawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa njia nyingine pia. Seli nyingi za lithiamu hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mgodini. Kuzunguka Kolwezi wachimbaji wadogo huyafuata madini hayo kwa sururu na koleo ndani ya mashimo yanayoweza kuwafukia. Betri ya seli kumi ikitupwa jalalani kwa ajili ya kundi moja lililochoka, seli nane zenye uhai hutupwa nazo, pamoja na jasho lililozitoa ardhini.

Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, umeagiza kwamba betri za baiskeli za umeme na vyombo vidogo vya namna hiyo ziweze kubadilishwa na fundi wa kujitegemea, hadi seli mojamoja. Hilo ni jambo linalofaa kudaiwa pia kwa zana za mikono, na linadai mafundi waliofundwa. Vyuo vya VETA nchini Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vingeweza kuanza na vitu vichache: mashine ya kuchomelea nukta, kipima ukinzani, kabati la chuma la kuhifadhia seli zenye mashaka, ndoo ya mchanga mlangoni, na mwalimu ambaye somo lake la kwanza ni kuwafundisha wanafunzi seli zipi hazipaswi kufufuliwa.