Pongezi kwa wanaopanga safari za chanjo

Kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, kilomita peke yake hazipangi safari. Chanjo nyingi hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na barafu kwenye kisanduku ina saa zake. Ile ya surua, ikishachanganywa, hutupwa baada ya saa 6. Basi mpangaji mzuri huanza na barafu, akirudi nyuma hadi saa ya kuwasha pikipiki, akihesabu yote ya njiani: matope, daraja la miti, siku ya soko inayokutanisha akina mama. Njia ndefu iliyo kavu huishinda ya mkato. Kuzifikia kanda za afya za Lusangi na Saramabila hivyo ni ujuzi mkubwa, nami nawapa heshima ileile ninayompa daktari. Hongereni sana, ndugu zangu!