Mwananchi Hushiriki au Hushirikishwa? Uhakiki wa Istilahi za Utawala wa Miji na Kazi

Mfasiri akabidhiwapo waraka unaohusu miji yetu, hukutana mara kwa mara na maneno machache yanayobeba mzigo mkubwa kuliko sura zake: ushirikishwaji, serikali za mitaa, eneo la wazi na mgomo. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo. Si nia yetu kuwalaumu walioyatunga au walioyapitisha, kwani mengi yalihitajiwa haraka na yamefanya kazi yake. Lakini istilahi ikishaingia ofisini huanza kuongoza mawazo ya wanaoitumia; hivyo hatuna budi kuiuliza mara kwa mara inatuongoza wapi.

Tuanze na ushirikishwaji. Kitenzi cha asili ni kushiriki, na mtendaji wake ni yule yule anayeshiriki. Tukikinyambua tunapata kushirikisha, ambapo mtu mmoja humtia mwingine katika jambo; kisha kushirikishwa, ambapo yule mwingine hutiwa. Kwa hiyo anayesema "ushirikishwaji wa wananchi" amekwisha kumweka mwananchi mahali pa mtendwa, na mtendaji amemficha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatupa mfano mzuri. Ibara ya 8 inasema kuwa wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Hapo mwananchi ni mtendaji. Tukifika ibara ya 146, inayoeleza kazi za vyombo vya Serikali za Mitaa, tunaona kuwa chombo ndicho kinachopewa mamlaka ya kushiriki, na mwananchi ni wa kushirikishwa. Kati ya ibara hizo mbili mwananchi amehama kutoka kiima hadi yambwa.

Wapo watakaosema kuwa huo ni uchambuzi wa sarufi tu. Sivyo. Ofisa anapoandika katika taarifa yake kwamba "wananchi walishirikishwa," msomaji hawezi kujua kama waliarifiwa, waliombwa maoni, au waliamua. Hayo ni matendo matatu yaliyo mbalimbali. Watu walioitwa kuambiwa kwamba soko lao litahamishwa, na watu walioitwa kuamua kama lihamishwe, wote wataandikwa kuwa walishirikishwa. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa katika ibara ya 10, nayo husikika ikiyumba kati ya "ushiriki wa umma" na "ushirikishaji wa umma," kana kwamba ni neno moja.

Hata hivyo tusilitupe neno kushirikisha. Sheria inapoilazimisha ofisi kuwatafuta wananchi kabla ya kupitisha bajeti au ramani ya mji, kitenzi hicho ndicho sahihi, kwa kuwa kinamtaja mwenye wajibu: "Halmashauri itawashirikisha wananchi." Kosa letu ni kulitumia umbo la wajibu wa ofisi kuwa jina la haki ya mwananchi.

Istilahi ya pili ni serikali za mitaa. Ibara ya 145 inataka vyombo hivyo viwepo katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Aidha sheria mbili za mwaka 1982, Namba 7 na Namba 8, zinazihusu mamlaka za wilaya na mamlaka za miji. Basi mkulima wa kijijini, ambako hakuna mtaa bali kuna vitongoji, naye yumo katika "serikali za mitaa." Wakati huo huo, mjini, mtaa ni ngazi ya chini kabisa, yenye mwenyekiti wake aliyechaguliwa. Hivyo "serikali ya mtaa" kwa umoja ni ofisi ndogo ya jirani, na "serikali za mitaa" kwa wingi ni mfumo mzima, pamoja na halmashauri ya jiji. Mwananchi akiambiwa apeleke shauri lake "serikali za mitaa," huenda akaenda kwa mwenyekiti kudai jambo ambalo ni la halmashauri. Mfasiri asiyeangalia umoja na wingi atampoteza zaidi.

Tukumbuke pia istilahi iliyotangulia. Mwaka 1972 ulianzishwa utaratibu ulioitwa "Madaraka Mikoani," na halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa. Za miji zilirudishwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukaanza tena mwaka 1984. Jina lile lilisema kweli kuliko ilivyotarajiwa: madaraka yalifika mikoani, kwa maofisa, yakaishia huko. Laiti wasomaji wa wakati ule wangalilisoma neno kwa makini, wangaliuliza mapema: mikoani kwa nani?

Istilahi ya tatu ni eneo la wazi. Neno hili husema kwamba mahali fulani hapana jengo, wala halisemi pana mwenyewe. Kwa macho ya mwenye fedha na mwenye muhuri, kilicho wazi kinangoja kujazwa. Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, paliachwa wazi na wakoloni ili patenganishe makazi ya Waafrika ya Kariakoo na mtaa wa Wahindi. Katika miaka ya 1950 wananchi walipageuza kuwa mahali pa mikutano ya hadhara ya TANU. Uwazi uliokusudiwa kuwatenga watu ukawakutanisha, na ramani haikuwa na neno kwa jambo hilo.

Watu wenyewe walikuwa nalo. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, kuanzia bandarini hadi majumbani mwa matajiri, na kila siku walikusanyika katika uwanja mmoja huko Majengo kusikiliza na kushauriana. Uwanja huo waliuita Kiwanja cha Maskini. Hakuna kamati iliyoketi kulisanifu jina hilo, lakini lilitaja mahali, wenyewe na sababu ya kukutana. Tuyalinganishe na neno baraza, ambalo pwani ni kibao cha nje ya nyumba ambapo jirani huzungumza na jirani. Chini ya Bwana Shauri likawa mkutano ambapo mmoja alisema na wengine wakasikiliza.

Katika istilahi za kazi tumefaulu zaidi, kwa sababu nyingi zilitoka kwa wafanya kazi. Mgomo ni neno wazi, na "mgomo baridi," yaani kazi kuendelea kwa kusuasua makusudi, ni istilahi ambayo mtaalamu angejivunia. Lakini hapa pia majina hufuata mamlaka. NUTA, iliyoundwa mwaka 1964 baada ya kuvunjwa kwa shirikisho huru la vyama, iligeuka JUWATA mwaka 1978. Chama kikawa jumuiya, kwa maana ya jumuiya mojawapo ya Chama kitawala. Anayefasiri nyaraka za wakati ule asiandike "chama cha wafanyakazi" mahali palipoandikwa "jumuiya," kwani atafuta historia kwa kalamu yake. Vilevile, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mgomo kuwa haki yenye masharti, anayeuita mgomo halali "vurugu" hafasiri, bali anahukumu.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, "ushiriki" liwe jina la haki ya mwananchi, na "kushirikisha" libaki kwa wajibu wa ofisi, mtendaji akitajwa daima. Na taarifa zieleze kama wananchi waliarifiwa, waliulizwa au waliamua. Pili, ngazi itajwe kwa jina lake: mtaa, kijiji, kata au halmashauri, "serikali za mitaa" itumike kwa mfumo mzima tu. Tatu, mahali palipotengwa kwa wote paitwe "eneo la umma," hata kama ni pa wazi. Nne, majina ya vyombo vya wafanyakazi yafasiriwe kulingana na wakati wake.

Tunatambua kuwa neno jipya halimzuii mtu kuhodhi uwanja, wala halimpi mchuuzi kiti katika kikao. Lakini mwananchi anayesoma katika taarifa kwamba "alishirikishwa" anastahili kujua, kwa lugha yake mwenyewe, alifanywa nini. Walimu, wafasiri na watumishi wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaleta.